Queen studio: mkanda uliochakaa au mbao za sakafuni?

Ukitaka kujua Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walivyofanya kazi studio, sikiliza nyimbo mbili zilizopishana miaka 2 tu.

"Bohemian Rhapsody" ya 1975 ni kazi ya kurundika. Mwimbaji Freddie Mercury (mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar), mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliimba sehemu ya kati wao wenyewe, sauti juu ya sauti, mpaka watu 3 wakasikika kama kwaya nzima. Mkanda wa kurekodia ulikuwa na njia 24 tu, yaani nafasi 24 za kuweka sauti kando kando, hivyo walizichanganya sauti na kuzirekodi upya mara nyingi. May amesimulia kwamba mkanda ulichakaa hadi ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

"We Will Rock You" ya 1977 imekwenda kinyume kabisa. Hakuna ngoma. Ni miguu miwili chini, kofi moja, juu ya mbao kuukuu katika studio ya Wessex, London. May, aliyesomea fizikia, alizirudia sauti hizo kwa kuzichelewesha kwa vipimo tofauti, zisikike kama za umati uliosimama mbali na karibu. Gitaa lenyewe linasubiri hadi mwishoni.

Wa kwanza unanistaajabisha zaidi, lakini kwa anayeanza kurekodi nyumbani ningempa wa pili. Vaa spika za masikioni, kisha sikiliza yale makofi: yanatapakaa, hayajirudii kama mwangwi.