Siku nne za CiviCRM hapa Mbeya: uzoefu wangu

Kwa miaka mitatu nimetunza orodha ya wanachama wa chama cha wakulima wa parachichi Rungwe, na muda wote huo nilikuwa nakosea palepale. Tunatumia CiviCRM, programu huria ya kutunza kumbukumbu za watu, ikiwa juu ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Kila kilipohitajika kitu cha ziada, nilifungua mafaili ya programu yenyewe nikachomeka humohumo mistari yangu ya PHP, lugha ambayo programu hiyo imeandikwa. Mwaka jana nikapandisha toleo jioni. Asubuhi katibu ananipigia kutoka Tukuyu: kipande changu cha kurekebisha namba za simu kimefutwa na toleo jipya, wakulima wanasajiliwa mara mbilimbili. Niliumia sana.

Ndiyo maana nikalipia mafunzo ya siku nne hapa mjini. Tulikuwa tisa, mwezi Juni, baridi ya kugandisha vidole. Mwalimu hakuanza na maneno mengi. Kabla ya saa nne asubuhi kila mmoja ana CiviCRM yake kwenye laptopu, na kwa amri moja ya civix, zana ya kutengenezea viendelezi, mifupa ya kiendelezi cha kwanza (programu ndogo ya kuongeza kazi kwenye CiviCRM) ikawa tayari.

Siku ya pili peke yake ilitosha kurudisha ada yangu. Tulijifunza ndoano, yaani zile sehemu ambapo programu, kwa mfano kabla ya kuhifadhi kitu, husimama na kuuliza kama kuna mwenye la kuongeza.

"Kwa hiyo mwalimu, mafaili ya ndani siyagusi kabisa?"

"Hata herufi moja, kaka. Ya kwako yakae kwenye folda yako."

Nikaanza na namba za simu. CiviCRM hutunza pia nakala ya namba iliyoondolewa nafasi na alama, lakini inayoanza na 07 na ileile inayoanza na 2557 bado kwake ni namba mbili, hivyo mkulima mmoja anaonekana wawili. Kwa mistari michache ndani ya hook_civicrm_pre, ndoano ya kabla ya kuhifadhi, namba ya tarakimu 10 inayoanza na 0 inageuzwa kuwa ya 255 kabla haijaingia kwenye kanzidata. Nimeshapandisha toleo mara mbili tangu hapo, kiendelezi kipo.

Siku ya tatu, ya API toleo la 4 (njia ya msimbo wako kusoma na kubadilisha data ya CiviCRM), ilikwenda mbio mno, na kuandika majaribio ya msimbo kulipewa saa moja tu. Hapo sikuridhika. Siku ya nne umeme ulikatika, na wenye betri chovu walibaki kutazama.

Ukienda, beba nakala ya data yako halisi, maana mifano ya kubuni haina matatizo yako. Ila badilisha kwanza majina na namba ukiwa ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na wakulima wale walitupa namba zao kwa ajili ya mauzo ya parachichi, si za kufunguliwa mbele ya darasa.