Golf au Katuba: kodi ya ghali inalipa?

Familia nyingi za Lubumbashi, mapato yakipanda kidogo, hurudi kwenye swali lile lile: tuhamie Golf, mtaa wa wenye nacho, au tubaki Katuba, mtaa wa watu wa kawaida?

Kwa kodi, Katuba inashinda bila ubishi. Golf mwenye nyumba hutaja bei kwa dola, na garanti (amana) ya miezi kadhaa hulipwa kabla hujapewa ufunguo. Ongeza mlinzi na mafuta ya jenereta, maana umeme hukatika huko pia.

Nguvu ya Golf ni maji. Malupango (viwanja vya nyumba) mengi yana kisima kirefu, pampu na tangi juu ya mnara. Katuba bidoni za njano hupangwa foleni alfajiri, na mgongo wa mama ndio unaolipa. Kwangu hilo si jambo dogo.

Lakini Golf bila gari ni mateso. Katuba soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) li jirani, unga wa bukari (ugali) na makala (mkaa) unanunua kwa kipimo kidogo, na mtoto akiugua usiku, jirani anabisha hodi kabla hujaita.

Mwenye gari na mshahara usioyumba, Golf inamfaa. Anayeishi kwa biashara ya kila siku abaki Katuba. Tofauti ya kodi inaweza kumnunulia tangi la maji.