Paa la Chuma na Paa la Kitambaa: Toyota 86 na Mazda Roadster katika Barabara za Nairobi

Mwaka 2020 nilipokea kutoka bandari ya Mombasa gari aina ya Toyota 86 lililoundwa 2013, lenye gia za mkono na paa la chuma lisilofunguka, nalo likawa gari langu la kila siku kwa miaka mitatu. Mwaka 2023 nilimwachia ndugu yangu mdogo anayeishi Syokimau, kisha nikaagiza Mazda Roadster ya 2016, ambayo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5 na ambayo paa lake la kitambaa hukunjwa kwa mkono. Kwa kuwa tunabadilishana magari haya karibu kila mwezi, nimeyaendesha yote mawili katika barabara zilezile na katika misimu yote, na nadhani ninaweza kumweleza kwa haki mtu anayesita kati ya gari la spoti la paa wazi na lile la paa la kudumu ni nini atakachopata na atakachokosa katika jiji hili.

Nianze kwa kulipa gari la paa la chuma stahili yake. Bodi ya gari ni mfano wa sanduku: kifuniko kikiwapo, pande zote hushikana na kukataa kujipinda; kikiondolewa, kazi ya kuzuia msokoto huiangukia sakafu, ambayo sharti iongezewe vyuma. Ninapoteremka kuelekea Mai Mahiu, katika ile njia ya ukingo wa Bonde la Ufa iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 86 hushika kona kama kitu kimoja kisicho na kiungo, na mikono huhisi kupitia usukani kila tairi inapoanza kulemewa. Injini yake, iliyoundwa na Subaru kwa ushirikiano na Toyota, ina pistoni zilizolala ubavu zikielekea kushoto na kulia, hivyo uzito hukaa chini na gari haliyumbi. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 86, ulinganifu ambao hunifurahisha kila ninapofungua boneti.

Magari mengi ya paa wazi huzaliwa na paa la chuma, kisha huondolewa paa hilo na kuongezewa uzito ili yasilegee. Roadster haikupita njia hiyo. Tangu ilipozinduliwa Chicago mwaka 1989 imebuniwa ikiwa wazi, na kizazi hiki cha nne kina uzito wa takriban kilo 1,000 tu, ilhali 86 inakaribia kilo 1,240. Hata hivyo sitamdanganya msomaji: katika barabara yenye viraka, kioo cha kutazamia nyuma hutetemeka kidogo kwa namna ambayo sijapata kuiona katika 86. Nguvu nazo zinatofautiana, kwa kuwa injini ya lita 2.0 ya 86 hutoa takriban nguvu farasi 200 na ile ya lita 1.5 ya Roadster yangu takriban 130. Ieleweke pia kwamba Nairobi iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, hewa yetu ni nyepesi, na injini zisizo na tabochaja, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, kama hizi mbili, hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake hapa. Wepesi wa Roadster ndio unaoiokoa.

Kufikia hapo mtu angesema shauri limekwisha, nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Kilichobadilisha mawazo yangu ni kutambua kwamba raha ya 86 inadai mwendo, na mwendo ndio kitu adimu kuliko vyote Nairobi. Kati ya matuta, msongamano wa Waiyaki Way na barabara ya juu itokayo Mlolongo hadi Westlands, ambako kikomo ni kilomita 80 kwa saa, siku ambazo 86 ilinipa ladha yake kamili zilikuwa chache mno kwa mwezi. Siku zilizosalia nilikuwa nimeketi chini sana, ndani ya chumba chembamba chenye madirisha madogo, nikisubiri. Raha ya Roadster haisubiri mwendo. Kilomita 40 kwa saa zinaitosha.

Nitoe mfano wa Limuru Road, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, siku ya Jumamosi. Kifungio cha paa kiko kimoja tu, katikati juu ya kioo cha mbele. Unakifungua, unalisukuma paa nyuma kwa mkono mmoja bila kuinuka kitini, nalo hujilaza mahali pake katika muda usiozidi sekunde chache. Ukipita Gigiri, baridi ya msitu wa Karura hukupiga shavuni kabla hujaiona miti yenyewe. Ruaka ina harufu ya makaa na chapati, mji mdogo wa Banana una kelele za makanga wakiita abiria, na ukishaupita, hewa hubadilika ghafla ikawa ya mikaratusi na udongo uliolowa, kisha chai ya Tigoni inatandaa pande zote mbili, ya kijani hadi kwenye ukungu. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiwa katika 86, na naungama kwamba sikuwahi kujua ina harufu. Hata mwezi wa Julai, jiji linapokuwa la kijivu na baridi, ukipandisha vioo vya milango na kuelekeza joto la hita miguuni, safari hii inastahimilika vizuri kwa koti na kofia.

Kuna saa, hata hivyo, ambazo paa wazi ni adhabu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua la ikweta huchoma utosi bila huruma, na mimi hulifunga paa. Kusimama nyuma ya lori au matatu ya dizeli ni jambo baya zaidi, kwa maana kichwa chako kiko karibu sawa na ekzosi. Msimu wa mvua za masika huhitaji macho yanayotazama mawingu zaidi ya taa.

Usalama wa vitu ndio unaoniuma kwa dhati. Mwaka jana, katika maegesho ya kulipia mjini, mtu alikichana kitambaa cha paa kwa kisu akachukua mkoba uliokuwa na miwani na daftari tu. Fundi wa viti aliushona mpasuko ule kwa ustadi, lakini mshono unaonekana na mvua kubwa huutafuta. Tangu siku hiyo siachi kitu chochote ndani, na buti lake la lita 130 hupokea begi moja la safari na mfuko wa sokoni, basi. Viti vya nyuma vya 86 havimfai mtu mzima, lakini vikilazwa hupata nafasi kubwa ya mizigo, na mwenye gari moja tu nyumbani asilipuuze hilo. Mimi mwenyewe ningemshauri achukue la paa la chuma.

Kwa kununua, kumbuka kwamba sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Roadster iliyokwisha kuwa nchini ikaguliwe mifereji ya maji iliyo nyuma ya viti, kwa sababu majani ya mijakaranda huiziba na sakafu ikalowa.

Mama yangu alisafiri nami katika 86 kwa miaka mitatu kwenda Limuru, na kila mara alilala kabla ya Ndenderu. Mara ya kwanza katika Roadster alijifunga leso kichwani, akakaa kimya hadi Tigoni, kisha akanishika mkono uliokuwa kwenye gia. "Punguza, mwanangu," akaniambia, "nasikia wachuma chai wanaongea." Nikapunguza, nasi tukawasikia.