Mashine za kuchomelea: kabla ya kuuliza ampea, kwangua kebo

Malalamiko ninayoletewa na mafundi wa Katwe, Kampala, na wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, yanafanana: inveta (mashine nyepesi ya kuchomelea ya kielektroniki) ya bei nafuu ilichomelea vizuri mwanzoni, kisha elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea, zikaanza kunata, na muuzaji akausingizia umeme. Umeme wetu una makosa yake, lakini mara nyingi tatizo lilikuwa ndani ya boksi tangu siku ya kununua, kwenye kebo ambayo hakuna aliyeikagua.

Kebo nyingi zinazofungashwa na mashine hizo ni alumini iliyovikwa shaba. Uwezo wa alumini wa kupitisha umeme ni takriban asilimia 61 ya ule wa shaba. Zaidi ya hayo, alumini huota utando usiopitisha umeme na hulegea pale ilipobanwa, hivyo kiungo hupata moto mpaka plastiki ikayeyuka. Kwa ampea 100, elektrodi huwaka kwa volti 24 hivi, na kila volti inayopotea njiani ni wati 100 zinazopasha kebo badala ya chuma. Fundi akiongeza ampea ili kufidia, kebo nayo huzidi kuchemka. Chukua uzi mmoja uukwangue kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba. Muuzaji akikataa kufungua boksi, usibishane naye. Nenda duka jingine.

Kwa upande wa mashine zenyewe, nafasi ya kwanza naipa ESAB, na upendeleo wangu siufichi. Oscar Kjellberg, aliyeianzisha Sweden mwaka 1904, ndiye aliyebuni elektrodi yenye gamba, na kibao cha mashine zake hueleza inaweza kuchomelea dakika ngapi katika kila 10 kwa ampea zipi. Ya pili ni Kemppi ya Finland, ambayo ningeisogeza juu kama bei yake isingemtisha mwenye karakana ndogo. Telwin ya Italia ni ya tatu, kwa kazi nyepesi za madirisha na mageti.

Zile za bei ya chini kabisa zinamfaa anayechomelea bawaba mara mojamoja, mradi abadilishe kebo.

Kinachoniudhi ni namba 300 iliyochorwa ubavuni mwa mashine yenye plagi ya ampea 13. Plagi hiyo, kwa volti 240, haipitishi zaidi ya wati 3,120, ilhali kuchomelea kwa ampea 300 huhitaji wati 9,600 hivi. Muuzaji anayejua kuhesabu faida yake hashindwi hesabu hiyo. Ukirudi kwake kutafuta kebo nzuri, atakupimia kwa mita kebo nene ya kupendeza, na usipoikwangua hiyo pia, huenda ukauziwa mpira mnene uliofunika alumini ileile, safari hii kwa bei ya shaba.