Kliniki ya mkojo ya watoto: dokta fundi, ila foleni jamani

Wazazi wenzangu naandika hii maana wakati wangu nilitafuta mtu aliyepita huku nikakosa. Jina la kliniki naliacha, ni hapa hapa Dar.

Kijana wangu alipofika miezi 2 babu yake akataka tohara, tukaenda dispensari ya mtaani huku Chanika, daktari akafungua pampasi, akaangalia, akafunga. Akasema huyu simgusi. Kumbe tundu la mkojo lilikuwa kwa chini, sio kwenye ncha, wanaita haipospadiasi, na govi lisikatwe na mtu yeyote maana ndo ngozi ya kuja kutengenezea. Yule kaka nampa maua yake. Mimi nilikuwa naona mkojo unaishia mapajani nikajua ndo watoto wa kiume walivyo, na mama mkwe ndo kwanza akaanzisha habari za jicho.

Sasa kliniki. Siku ya kwanza tumetoka nyumbani saa 11 alfajiri tukamwona dokta saa 7 mchana, hapo mtoto ashalia mpaka sauti imekauka. Ila ukiingia unasahau. Alimpapasa kende zote mbili kwanza, akasema zingekuwa hazijashuka angetaka vipimo zaidi, akanichorea kwenye karatasi, akasema umri mzuri wa upasuaji ni kati ya miezi 6 na 18 na hakuna nilichokula kikaleta hii. Akaniambia ukweli pia kwamba panaweza kubaki katundu ka pembeni kanavuja, na ikitokea inarudiwa baada ya miezi 6 hivi.

Kafanyiwa ana miezi 11, titi la mwisho masaa 4 kabla ya dawa ya usingizi (hayo masaa manne mimi ndo nilikuwa mgonjwa).

Alichoniua ni sista wa wodini. Mtoto anatoka na kampira ka mkojo, nikawa nawaza kinyesi kitafika kwenye kidonda, yeye akachukua mkasi akatoboa pampasi mbele, akapitisha mpira pale, akavalisha pampasi ya pili kubwa juu. Kinyesi kinabaki ya ndani, mkojo unadondokea ya nje. Siku 7 nzima nimeishi hivyo, nunueni saizi mbili kabisa.

Kilichoniudhi: Jumapili mpira umejikunja haupitishi kitu, nimepiga ile namba waliyonipa mara sita, kimya. Nikakagua mwenyewe, nikaunyoosha, mkojo ukatoka. Ukitoa namba ya dharura we mtu pokea basi!

Nyota 4, hiyo moja wameila na simu yao.

Sa hivi anakojoa mbele kama bomba, juzi kaloanisha kanzu ya babu yake Ijumaa mchana. Na babu nimemwelezea kwamba govi lilitumika lote kwenye upasuaji, tohara ndo imeshapita humo humo, kanijibu sawa, pilau liko wapi?