Kisu kooni: ridhaa kwa Hobbes na kwa Locke

Wanafalsafa wa siasa wa Uingereza, Thomas Hobbes (kitabu chake cha 1651) na John Locke (cha 1689), wote wanaanzia mahali pamoja: hakuna aliyezaliwa na haki ya kumtawala mwenzake bila ridhaa. Wanaachana wanapofika kwa jambazi.

Kwa Hobbes, ukimwahidi jambazi fedha ili akuachie roho yako, na hakuna sheria inayoikataza ahadi hiyo, inakubana. Hofu haibatilishi mapatano. Ndiyo maana hata mshindi wa vita, ukishamtii ili uishi, ni mtawala wako halali. Tena pale watu wanapojiwekea mtawala wenyewe, mkataba ni wa raia wao kwa wao. Mtawala mwenyewe hakuahidi kitu, sasa atavunja nini? Unachobaki nacho ni haki ya kujitetea anapotaka kukuua.

Locke anamwingiza jambazi nyumbani, kisu kooni, akikulazimisha utie muhuri hati ya kumkabidhi mali yako. Hati hiyo ni batili, na taji halimtakasi mwizi. Utawala ni amana; mtawala akiivunja, watu wana haki ya kumwondoa.

Mimi naegemea kwa Locke, ila naye ana tobo: hata msafiri anayepita barabarani tu, eti ameshakubali kimyakimya kutii serikali ya hapo. Ridhaa rahisi namna hiyo Hobbes angeipokea kwa mikono miwili.