Scoop zote tatu za Pete Townshend: mwezi mzima na demo zake

Habari zenu wadau. Nimekaa na hizi albamu mwezi mzima sasa nikaona niandike uzoefu wangu, maana wakati nazitafuta sikupata mtu aliyezielezea kwa Kiswahili, na wapenzi wa rock huku kwetu tupo wengi tu ila kila mtu anasikiliza kivyake chumbani na hedfoni zake basi imeisha.

Kwa asiyemjua, Pete Townshend ndo mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa The Who, bendi ya London, yule anayezungusha mkono kama feni akipiga gitaa. Mwimbaji wao ni Roger Daltrey, besi alikua John Entwistle na dramu Keith Moon (Moon alifariki 1978, Entwistle 2002). Sasa huyu bwana tangu miaka ya sitini alikua na tabia ya kurekodi kila wimbo mwenyewe nyumbani kabla hajaupeleka kwa wenzake (rekodi hizo za majaribio ndo zinaitwa demo), anapiga gitaa mwenyewe, besi mwenyewe, kinanda, dramu, anaimba sauti zote. Zilijaa tepu kibao ndani. 1983 akachagua baadhi akazitoa kama albamu, akaiita Scoop. 1987 ikaja Another Scoop, 2001 ikaja Scoop 3. Kila moja ni ya diski mbili, kwahiyo ukizikusanya zote tatu una kazi ya kusikiliza siku nyingi.

Mi napiga gitaa la rithim kwenye bendi ya hotelini hapa Dar, wikiendi, dansi na kopi za nje kidogo. The Who nilizijulia kwa shemeji yangu, alikua na kaseti ya Who's Next, albamu yao, akaisikiliza mpaka utepe ukakunjamana. Kwahiyo nyimbo nyingi nilikua nazijua kwa sauti ya Daltrey na kwa vurugu za dramu za Moon, na hapo ndo shughuli yote ilipo, maana ukishazizoea hivo alafu ukasikia demo unashtuka.

Niseme la kwanza kabisa lililonigusa. Love, Reign O'er Me. Kwenye Quadrophenia, albamu ya The Who ya 1973, ule wimbo Daltrey anaupiga kelele mpaka unahisi koo linachanika, na ni kelele nzuri, sina ugomvi nayo, nimeipenda tangu nikiwa kijana. Sasa kwenye Scoop unamsikia Townshend mwenyewe, na sauti yake ni laini, nyembamba kidogo, hapigi kelele, anaomba. Yaani ni dua. Townshend alikua mfuasi wa Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India, na nilikua najua hilo kwa kusoma lakini sikuwahi kulisikia ndani ya wimbo mpaka siku ile. Nilikua nimekaa barazani usiku umeme umekatika nasikilizia simu, nikaurudia mara nne mfululizo. Mke wangu akatoka akaniuliza huyo nani anaimba hivo kama mtu aliyefiwa. Yeye rock hapendi kabisa, akikuta naiweka anafunga mlango, lakini ule aliusikiliza wote akiwa amesimama pale mlangoni.

Behind Blue Eyes nayo ni hivo hivo. Gitaa la kavu na sauti zake mwenyewe zimepangwa juu ya nyingine kama kwaya, zote koo moja, na kwasababu ni koo moja zinashikana kwa namna ambayo watu watatu tofauti hawawezi. Kwa wanaoimba kwaya mtanielewa. Hiyo demo kwangu iko sawa kabisa na ile ya albamu, na siku nyingine naiona imeizidi.

Sasa nieleze kitu ambacho kwa sisi watu wa bendi ndo utamu wenyewe. Kwenye dansi yetu ninavyoijua mimi, mtunzi anakuja mazoezini na wimbo mdomoni. Anauimba, solo anatafuta pa kuingilia, rithim anamfuata, besi anakaa chini yao, tumba zinaingia, ndani ya wiki wimbo umesimama na kila mtu ana jasho lake mle ndani. Ukimuuliza mtunzi huo wimbo ulikuaje kabla ya bendi hana cha kukuonesha. Townshend alikua kinyume. Anakuja na nyumba imeshaezekwa, wenzake wanaingia kuishi. Sikiliza demo ya Bargain alafu sikiliza ya Who's Next ya 1971, mpangilio mzima upo tayari, zile kupanda na kushuka zote zipo. Na kuna zaidi ya hapo, kile kinanda cha Won't Get Fooled Again kinachozunguka mwanzo mpaka mwisho ni kile kile alichorekodi nyumbani kwenye demo, bendi ikapiga juu yake. Hiyo demo haipo kwenye Scoop lakini ipo kwenye Lifehouse Chronicles, boksi la CD sita alilotoa mwaka 2000, nalo nalitafuta bado.

Nilivyolijua hilo nikajiuliza sasa kazi ya wale watatu ilikua nini? Nikarudi kusikiliza kwa makini, demo moja, ya bendi moja, kwa siku kadhaa. Jibu nililopata ni hili: Townshend kwenye demo anapiga dramu za kushikilia wimbo tu, tatu tatu ta, usianguke. Moon anapiga kama anagombana na wimbo. Entwistle naye besi yake inaongea, haikai chini ya gitaa. Kwahiyo ramani ni ya mmoja lakini hatari yote, ile ya kuhisi wimbo unaweza kuvunjika muda wowote, wameileta wao. Mpiga besi wetu tulisikiliza naye pamoja na yeye anashikilia kwamba demo bila Entwistle ni chai bila sukari, inanyweka ila ya nini. Mi sikubaliani naye. Kuna nyimbo zinataka ile hatari na kuna nyimbo hatari inazifunika, na hizi demo ndo zimenionesha ipi ni ipi. Tumebishana mpaka mazoezi yakachelewa.

Squeeze Box kwa mfano ukiisikia kwenye demo unafurahi tu, kaipiga na akodiani, wenyewe si unajua squeeze box maana yake ndo hiyo akodiani, inachezeka kama ngoma za harusini. Magic Bus nayo imebaki na ule mdundo wake wa kuchekecha. To Barney Kessel ni gitaa tupu, heshima kwa yule mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, fupi lakini mpiga gitaa yeyote ataisikiliza na gitaa mapajani, mi nimeshashika nusu yake. Alafu kuna Recorders, filimbi tu zimepangwa, na Initial Machine Experiments ambayo ni majaribio ya sinthesaiza, yaani kifaa cha umeme cha kutengeneza sauti. Hizi mbili dada yangu alisema zinamchosha na sikuweza kumpinga sana, ni vipande vya kusikiliza mara moja kwa ajili ya kujua mtu anavyochezea vifaa vyake. Ila You Came Back na Mary jamani msizipite. Mary ilitungwa kwa ajili ya Lifehouse, ule mradi mkubwa uliomshinda kuukamilisha mwanzoni mwa miaka ya sabini, nyimbo zake nyingi ndo zikawa Who's Next. Wimbo mzuri kiasi kile kukaa ndani ya boksi zaidi ya miaka kumi, inauma.

Kuhusu sauti ya rekodi, mjue mapema. Hizi za zamani alikua anatumia mashine mbili za tepu, anarekodi kwenye moja, anaipiga ile huku anaongezea ala nyingine na yote yanaingia kwenye mashine ya pili, alafu anarudia tena. Kila ukirudia ile 'ssss' ya tepu inaongezeka na sauti za mwanzo zinafifia. Kwahiyo ukiwa umezoea muziki wa siku hizi uliosafishwa utaisikia ile 'ssss' na utadhani spika yako mbovu. Baada ya nyimbo mbili tatu masikio yanazoea, na mi imefika mahali naipenda, inanipa picha ya chumba.

Another Scoop ya 1987 ndo yenye majina makubwa zaidi: Pinball Wizard, Substitute, Happy Jack, Pictures of Lily, The Kids Are Alright, You Better You Bet. Ukitaka kumwingiza mtu asiyejua demo ni nini mpe hii, kwasababu atakua na kitu cha kulinganisha. Lakini mi kilichonishika humu sio hizo kubwa. Kuna nyimbo kama Brooklyn Kids na Football Fugue ambazo zimepigwa na okestra, na aliyepanga ala ni Edwin Astley, baba mkwe wake Townshend, mtunzi wa muziki wa televisheni Uingereza. Mtu na mkwewe wamekaa kufanya kazi moja, kijana wa rock anayevunja magitaa jukwaani na mzee wa okestra, na huwezi kusikia mahali mmoja anamkanyaga mwenzake. Ukikumbuka kwamba baba yake mzazi Townshend alikua mpiga saksafoni wa bendi ya The Squadronaires na mama yake mwimbaji, unaona kabisa muziki wa namna hiyo haukua mgeni kwake, ni lugha ya nyumbani. Wenzangu wawili walisema hizo za okestra ni nzito na zimekaa vibaya katikati ya demo za gitaa. Mi naona ndo moyo wa albamu. Begin the Beguine pia imo, ule wa Cole Porter, mtunzi wa Marekani, Meher Baba alikua anaupenda na Townshend akaurekodi kwa heshima yake, na ukisikia anavyouimba taratibu bila mbwembwe utaelewa kaimba kwa ajili ya mtu.

Scoop 3 hapo niseme ukweli imenishinda kidogo. Ina vipande zaidi ya thelathini, vingi ni kinanda au kibodi bila kuimba, kingine kimeitwa 971104 Arpeggio Piano, yaani tarehe tu kama mtu alivyoandika juu ya kasha la tepu. Kwa mtu anayetaka kujua Townshend anaamkaje asubuhi na kukaa kwenye kinanda ni hazina, ila kwa msikilizaji wa kawaida utaruka ruka sana. Humo humo ndani lakini kuna Tough Boys, ambayo ndo Rough Boys kabla haijawa Rough Boys, kuna Sea and Sand, kuna Eminence Front (huu hata kwenye The Who aliuimba mwenyewe kwahiyo tofauti sio kubwa), na kuna Variations on Dirty Jobs ambayo ameuchukua wimbo wa Quadrophenia akaufumua na kuushona upya. Nimetengeneza orodha yangu ya nyimbo kumi na moja kutoka humo na hiyo ndo naisikiliza, zilizobaki nimeziacha.

Upande wa kuzipata, Scoop ya kwanza nilianza kuisikiliza kwenye apu ya muziki, sauti iko sawa ila unakosa kitu kikubwa sana, yale maelezo. Townshend aliandika maneno machache juu ya kila wimbo, alirekodia wapi, kwa vifaa gani, alikua anawaza nini, na bila hayo unakua unasikiliza nusu. CD nililetewa baadae na ndugu anayeishi Leicester, aliikuta duka la vitu vya mkono wa pili, kijitabu kipo kamili. Another Scoop nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, diski ya pili ikafika na mkwaruzo, The Shout inaruka, nimemwandikia mara mbili hajibu mpaka leo. Kwahiyo ukinunua iliyotumika omba picha ya diski zote mbili, upande wa chini, usiridhike na picha ya kava.

Ukiwa unaanza, anza na Scoop ya 1983, usianze na ya tatu hata kama ndo umeipata kwa bei rahisi. Isikilize usiku, na kama una Who's Next na Quadrophenia ziweke pembeni uwe unalinganisha wimbo kwa wimbo. Kwa watunzi wenzangu nasema ni lazima, kwasababu toka nizisikie nimeacha kwenda mazoezini na wimbo mdomoni, narekodi kwanza kwenye simu, gitaa, alafu sauti, alafu nagonga meza kama dramu, ndo nawatumia wenzangu. Mpiga solo wetu kalalamika kwamba namfungia njia, anasema sasa hana pa kuweka mkono wake, na ni hoja ya haki, nimeiwaza wiki nzima. Nimempelekea demo ya Bargain na ile ya albamu azisikilize zote mbili kabla ya Ijumaa, na mpiga kinanda nimemtumia kile kipande cha Unused Piano: Quadrophenia, hakina maneno wala mwisho unaoeleweka. Ijumaa tutaanzia hapo tuone kinatupeleka wapi.